Mwiteni mhandisi shimo likiwa wazi

Jumapili jioni binamu yangu alituma picha kwenye kundi la ukoo. Msingi umeshachimbwa kwenye kiwanja chake cha Pasua, Moshi. Mafundi wawili wamesimama ndani na sululu zao, na chini ya picha ameandika: "Wapendwa, Mungu ni mwema, tumeanza. Nguzo niweke nondo za milimita ngapi?" Mpaka naenda kulala majibu yalikuwa 38. Mjomba alisema 12 zinatosha kwa nyumba ya chini. Shemeji aliyeko Mbeya akasema hapana, weka 16, nyumba hujengi mara mbili. Mmoja akataka ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo, kila sentimeta 20, mwingine 15. Mwingine akatuma namba ya fundi aliyemjengea Kiboriloni, nyumba ina miaka kumi na haijatoa hata ufa.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza udongo ule ni wa namna gani.

Niliivuta ile picha mpaka ikapoteza sura. Kuta za shimo ni nyeusi kutoka juu mpaka chini, na pale sululu ilipopita zinang'aa kama kipande cha sabuni kilichokatwa kwa kisu. Ule udongo naujua. Umenikosesha usingizi miaka miwili.

Dada yangu na mume wake wanaishi Dar. Walipopata kiwanja Muriet, hapa Arusha, mimi ndiye niliyekaa na mafundi, maana nafundisha shule ya karibu na saa tisa nakuwa nimetoka. Nilihesabu mifuko ya saruji. Nilihesabu nondo zikishushwa kwenye gari. Fundi wetu alikuwa mtu mwaminifu, anapiga pima maji kila mstari wa tofali, na ile nyumba ilipopauliwa nilisimama barabarani nikaitazama nikajiambia kazi nimeifanya.

Ufa wa kwanza ulitokea juu ya dirisha la jiko kabla nyumba haijatimiza mwaka. Ulikuwa mwembamba kama unywele, unapanda kwa mshazari kuelekea kona. Fundi akaja akaugusa, akasema, "Mwalimu, hii ni plasta tu, ilikauka haraka." Tukaukwangua, tukaujaza, tukapaka rangi. Masika ikaja, ukuta ukatulia, nikamwambia dada mambo yamekwisha. Kiangazi kilichofuata kidole changu cha mwisho kiliingia kwenye ule ufa. Tukajaza tena. Mara ya tatu tulibandua plasta ukuta mzima, tukagongelea wavu wa chuma, tukapiga plasta nzito, na mwezi wa tisa ufa ukarudi palepale, umepasua na tofali.

Ndipo nikamtafuta mhandisi. Baada ya miaka miwili na mara tatu za kupaka rangi, ndipo nikamtafuta.

Yule mzee alipofika hakuutazama ufa. Aliizunguka nyumba mara mbili, taratibu, mikono mgongoni. Akasimama kwenye kona ya jiko, akainua macho kulitazama simtanki juu ya mnara wake, halafu akatazama chini, pale maji ya kufurika yalipokuwa yamechimba kishimo. "Mwalimu, haya maji yanamwagika hapa kila siku?" Nikamwambia kila tanki linapojaa, Injinia. Akatikisa kichwa, akaomba kijana achimbe pembeni ya ukuta mpaka tufike chini ya mawe ya msingi.

Alichofanya pale chini ninakikumbuka vizuri kuliko chochote alichoniambia. Alichota udongo konzi moja, akaulowanisha kidogo, akaanza kuuviringisha juu ya kipande cha marumaru kwa kiganja. Ukawa mwembamba kama kamba ya kiatu. Akaendelea. Ukawa mwembamba kama mrija wa wino ndani ya kalamu, na haukukatika. Akaupinda ukawa pete, ukakubali. "Udongo wa mchanga ungeshakatika zamani," alisema. "Huu ni mfinyanzi mtupu. Unakunywa maji unavimba, unakauka unasinyaa. Nyumba yenu inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, na haishuki sawasawa. Katikati, chini ya sakafu, unyevu haubadiliki sana. Pembeni unabadilika kila msimu, na kona hii mnainywesha ninyi wenyewe."

Kisha akatoa vipande vya kioo chembamba, akavibandika kukatisha ufa, saruji kidogo kila ncha, na pembeni ya kila kimoja akaandika tarehe kwa penseli. Kioo hakivutiki. Ukuta ukisogea hata kidogo, kinakatika, na tarehe inakuambia ilichukua muda gani. Cha kwanza kilikatika baada ya wiki saba.

Sasa nirudi kwenye lile swali la nondo, kwa sababu ndilo lililonifanya nikeshe naandika. Swali la nondo ni zuri, lakini jibu lake haliko kwenye kundi la ukoo, wala kwa fundi aliyejenga Kiboriloni, kwa sababu kabla yake kuna swali jingine: nyumba inakaa juu ya nini? Ukiweka nondo za 16 juu ya msingi wa kina kifupi uliokaa ndani ya udongo unaovimba, udongo utaunyanyua msingi pamoja na nondo zake. Huenda pale Pasua jibu ni kuchimba zaidi mpaka kwenye udongo mgumu. Huenda ni kuutoa ule mweusi, kujaza moramu, yaani kifusi cha changarawe, na kuishindilia tabaka kwa tabaka. Huenda ni kumwaga jamvi moja la zege lenye nondo chini ya nyumba nzima. Yote matatu yanafanyika, na gharama zake zinapishana sana. Mwenye haki ya kuchagua ni mtu aliyesomea, aliyesimama ndani ya shimo lenyewe, si aliyeona picha akiwa Mbeya.

Na sisi watu wa huku ndio tungepaswa kulijua hili kuliko wote, maana ardhi yetu inageuka ndani ya kilomita chache. Panda kuelekea mlima, Meru au Kilimanjaro, utakanyaga udongo wa volkano, mwekundu au kahawia, maji yanapita chini kwa haraka. Shuka tambarare, unaanza kukutana na ule mweusi unaonata kwenye viatu masika na kupasuka kiangazi mpaka kuku anapoteza kifaranga. Fundi aliyejifunzia kazi Kibosho, kule juu mlimani, akajenga nyumba thelathini nzuri Kibosho, anaposhuka bondeni anajenga msingi uleule, kwa mikono ileile hodari, na nyumba inapasuka. Kosa si la mikono yake. Nakubali kabisa kwamba fundi wetu wa Muriet alijua zege kuliko mimi nitakavyolijua maishani. Alijua resho, yaani kipimo cha kuchanganya saruji, mchanga na kokoto, alikataa mchanga wenye vumbi, alimwagilia zege siku saba bila kukumbushwa. Lakini sisi ndio tuliomuuliza swali ambalo si lake, naye kwa heshima hakutaka kutuacha bila jibu.

Watu huniambia, mhandisi ni wa maghorofa. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, tukakesha na simu mikononi tukisubiri waliofukiwa watolewe. Tulikesha hivyohivyo Ijumaa Kuu ya 2013, lilipoanguka lile la ghorofa 16 katikati ya Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 30. Kila mara tunauliza mhandisi alikuwa wapi, tunauliza kwa hasira na kwa haki. Halafu kesho yake tunarudi kwenye viwanja vyetu, tunalaza watoto wetu ndani ya nyumba ambayo hakuna aliyeipigia hesabu. Nyumba ya chini haiui kwa wingi ule, ni kweli. Inakula akiba ya mtu polepole, ufa kwa ufa, na akiba ya dada yangu ilikuwa ya miaka kumi na moja.

Kisingizio cha pili ni bei. Mhandisi wetu, safari zote tatu pamoja na michoro ya marekebisho, alilipwa laki nne na nusu. Jipsamu ya sebule peke yake ilikuwa imekula milioni mbili. Zile mara tatu za kuziba na kupaka rangi zilifika milioni moja na laki mbili, na zote zimebanduliwa. Nimeandika hizi hesabu kwenye daftari na bado zinaniuma kila nikizisoma.

Wahandisi nao nina neno nao. Wako wanaouza muhuri. Ramani inanunuliwa mtandaoni, inapelekwa kwa mtu, inagongwa muhuri kwa ajili ya kibali cha halmashauri, na aliyegonga hajui hata kiwanja kiko kata gani. Huyo amechukua pesa ya mtu na kumwachia karatasi. Wako pia wasiotaja bei mpaka mwisho, na wanaozungumza na mama wa watu kwa maneno ambayo yeye hawezi kuyashika wala kuyauliza. Kama mnataka tuwaite mapema, semeni bei ya kuja kuona shimo, iwe bei moja, ijulikane kama ya daktari inavyojulikana kabla hujaingia chumbani. Watu watalipa. Mimi ningelipa.

Na ukimpata, hakikisha ni mhandisi. Sheria ya usajili wa wahandisi ya mwaka 1997 ipo, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inatoa namba kwa kila aliyesajiliwa, na kumwuliza mtu namba yake si kumvunjia heshima. Yule mzee wetu aliitaja kabla sijamwomba.

Mengine nayapitia tu. Zege lisiongezwe maji ili limwagike kirahisi, nguvu yake inapungua hapohapo. Mkanda wa zege juu ya madirisha uzunguke nyumba nzima bila kukatwa, sisi tunaishi jirani na Bonde la Ufa, na walioikimbia mitetemeko ya Julai 2007 hapa Arusha hawajasahau. Shimo la choo liwe mbali na msingi.

Pale Muriet hatukuvunja nyumba, namshukuru Mungu. Tulihamisha bomba la kufurika, tukaweka mifereji ya paa ambayo tuliiahirisha kwa sababu pesa ilikwenda kwenye marumaru, tukamwaga sakafu ya nje kuzunguka nyumba, upana wa mita moja na nusu, imeinamia nje. Mpera uliokuwa karibu na kona tuliukata. Kioo cha pili kilikatika wakati kazi inaendelea. Cha tatu kilibandikwa mwezi Machi, na masika yote pamoja na kiangazi chote kimepita juu yake. Nilikipapasa Ijumaa nikitoka shule. Bado ni kizima. Mzee amesema tusizibe ule ufa mpaka mwaka mwingine upite.

Jumatatu alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, nilimpigia binamu. Zege lilikuwa lianze saa mbili. Alikasirika, na ninamwelewa, mafundi wameshafika, kokoto imeshashushwa, mke wake ameshapika chai ya watu. Nikamwomba afanye kitu kimoja: achote udongo wa chini kabisa, aulowanishe, auviringishe. Alikaa kimya muda mrefu kwenye simu. Nilikuwa nasikia mafundi wakizungumza nyuma yake.

"Dada," akasema, "haukatiki."

Amewalipa mafundi nusu siku na kuwarudisha nyumbani. Injinia anashuka Moshi Jumamosi, shimo tumelifunika kwa turubai.