Msimsahau Lillian Wald

Asante mwandishi kwa makala ya wauguzi walioibadili dunia, ila umeishia kwa Florence Nightingale. Mimi ni muuguzi, na anayenigusa zaidi ni Lillian Wald wa New York. Mwaka 1893 alikuwa akiwafundisha wahamiaji uuguzi wa nyumbani, mtoto akaja kumwita: mama yake amejifungua na anavuja damu. Wald akamfuata hadi kwenye chumba kile cha kimaskini. Baada ya hapo alihamia mtaa huohuo, wauguzi wake wakawa wanapanda ngazi za nyumba za kupanga, mlango kwa mlango. Huko ndani ndiko walikokuta watoto wadogo wakishona nguo kwa ujira wa kutupa badala ya kwenda shule!

Ndiyo maana yeye na Florence Kelley, mwanaharakati wa haki za wafanyakazi, walikuwamo katika kuanzisha kamati ya taifa ya Marekani ya kupinga ajira ya watoto, 1904. Sheria ya taifa ya kuzuia ajira hiyo ilipita 1916, Mahakama ya Juu ikaifuta 1918. Iliyodumu ilipatikana 1938. Kelley alishafariki 1932, na inaniuma kwamba hakuiona.