Mashine ya kufulia: kwanza muulize fundi wa mtaa

Shemeji yangu anayeishi Ubelgiji alipiga simu wiki iliyopita. Kuna kontena linakuja kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, je, atutumie mashine ya kufulia? Haijatumika sana, alisema, na unaweza kuiwasha kwa simu ukiwa kazini. Nilicheka mpaka akaudhika. Kwenye baraza yetu hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu, tayari ipo mashine ya aina hiyohiyo, imekufa. Tunapanga juu yake bidoni za maji.

Ilikuwa nzuri, sikatai. Kioo mbele, taa za kijani, na kimuziki cha kukuita nguo zikiwa tayari. Ilifua miezi saba. Shida ya kwanza ilikuwa maji. Mashine za aina hiyo hufungua vali na kungoja maji yasukumwe kutoka kwenye robine, yaani bomba, na huku mlimani robine hudondosha kwa masikitiko. Mashine inangoja, inachoka, inaandika herufi na namba, kisha inajifungia na nguo zetu tumboni. Ukaanza kumimina maji kwa ndoo kupitia kisanduku cha sabuni, ujue umenunua mashine ya kukutuma maji. Halafu usiku mmoja kuran, yaani umeme, ilikatika, ikarudi kwa kishindo, na kadi ya elektroniki ikaungua. Fundi alifungua, akanusa, akafunga. Kadi haikupatikana hapa wala Goma. Kuiagiza Ulaya kungekula karibu nusu ya bei tuliyonunulia mashine nzima.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: mashine imara ni ile ambayo fundi wa mtaa wako anaweza kuifungua leo na kesho ikafua. Kwa nyumba nyingi za Bukavu hiyo ni ile ya mapipa mawili, ambayo vijana wanaiita ya kizee. Pipa moja la kufua, jingine la kukamua. Ndani yake kuna mota mbili, mkanda, kapasita za kuzisaidia mota hizo kuanza, na vifundo vya muda unavyozungusha kwa mkono. Basi. Maji unamimina mwenyewe. Kuran ikikatika, unangoja. Ikirudi, unazungusha kifundo tena, kazi inaendelea. Maji yaleyale yanafua mashuka meupe, kisha nguo za rangi, kisha soksi za mpira, na mwisho yanasugua baraza. Anayebeba bidoni kutoka bondeni anajua hiyo ni thamani gani.

Na pipa la kukamua! Kwa mji ambao mvua inaanza Septemba na kutuachia Juni tu ikichoka, mimi naona hilo ndilo lenye kazi kubwa. Linazunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, na suruali ya jeans inatoka ikiwa na unyevu mdogo tu. Zamani jeans hiyo ilikaa kwenye kamba siku tatu na kuanza kunuka.

Miaka mitano sasa, yetu imeharibika mara tatu: mkanda ulilegea, kapasita ilikufa, na panya akatafuna mpira wa kutolea maji. Mara zote fundi alikaa kwenye kigoda na bisibisi yake, vipuri vikatoka sokoni siku hiyohiyo. Ina ubaya wake. Plastiki ni nyembamba, blanketi haliingii kwenye pipa la kukamua, na ukipanga nguo upande mmoja inatikisika kama inataka kuondoka. Tena lazima usimame karibu, uhamishe nguo kwa mikono. Mwenye kutaka kubonyeza na kwenda kanisani haimfai.

Huyo akitaka ya kioo, basi akague kabla ya kulipa. Azungushe pipa kwa mkono: likitoa sauti ya changarawe, beringi, yaani gololi zinazolizungusha, zimekwisha. Alinyanyue kwa ukingo: likicheza, ni hivyohivyo. Kisha aombe kifuniko cha nyuma kifunguliwe, atazame kama pipa la nje limefungwa kwa skrubu au limeunganishwa moja kwa moja kwa kuyeyushwa plastiki. La kuyeyushwa halifunguki, na beringi ya bei ndogo inaweza kuizika mashine nzima.

Shemeji alinijibu kwamba Ulaya kuna sheria. Ni kweli: tangu Machi 2021, watengenezaji wanatakiwa kuwa na vipuri muhimu vya mashine za kufulia kwa miaka 10 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na mwaka huohuo Ufaransa ilianza kuzipa alama, kuanzia 0 hadi 10, kwa urahisi wa kutengenezeka. Ni sheria nzuri kwa anayeishi Liège, kule Ubelgiji. Mashine ikifika huku kwa kontena, sehemu ya miaka hiyo imeshaliwa kule.

Wenye ndugu Marekani wajihadhari zaidi. Umeme wa kule ni volti 120 na hetsi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Wetu ni 220 na 50. Transfoma inarekebisha volti, haigusi hetsi, na mota nyingi zitazunguka polepole huku zikipata moto.

Mwishowe shemeji aliuliza atume nini, maana nafasi kwenye kontena ameshalipia. Nilimsomea namba zilizoandikwa kwenye mkanda wetu. Atume mitatu. Nafasi inayobaki, watoto wameomba baiskeli.