Kanzu Yenye Mihuri

Chupa ya maji ya lita moja na nusu, vijiko viwili vya mbao vyenye mpini mrefu, kipande cha kamba ya katani na msumari. Hoteli ya ndege, yaani chupa ya kuwalishia ndege wa porini, haihitaji zaidi ya hapo, na wapwa zangu Somoe na Hamisi walivikusanya vyote kabla sijamaliza chai. Walikuwa wamekuja Mikindani likizo ya Desemba, na mama yao ameshasema hataki kusikia wameshinda kwenye simu.

Msumari wa moto niliushika mwenyewe kwa koleo, maana hiyo si kazi ya mtoto. Unatoboa tundu dogo upande mmoja wa chupa, la kupitisha mpini tu, na mkabala nalo tundu pana kidogo. Kichwa cha kijiko kinabaki nje kwenye lile tundu pana, nafaka inachuruzika yenyewe mpaka kijikoni, ndege anatua anakula. Kijiko cha pili unakipitisha juu zaidi, kikatize cha kwanza. Kwa uwele, tundu la sentimita moja linatosha. Hamisi alitaka la sentimita tatu, "ili hata bata apate." Ukimsikiliza Hamisi, chupa nzima inamwagika chini na wewe bado unafunga kamba. Kitako nacho kitobolewe vitundu vinne vya kutoa maji ya mvua. Kamba iwe ya katani, au tumia waya, lakini si mshipi wa kuvulia. Mshipi hauonekani, na ukimnasa ndege mguu utamweleza nini mtoto?

Chakula tulichanganya vikombe viwili vya uwele na kimoja cha mtama. Mkate hapana, karanga za chumvi hapana, na mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi ndiyo hapana kabisa, ile ni sumu. Msimu wa mvua ujaze theluthi tu ya chupa. Hamisi alijaza mpaka shingoni, mvua ikanyesha, nafaka ya chini ikalowa, na Somoe, mwenye daftari, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Ndege: hakuna. Mtama: umeota."

Tukamwaga vyote, tukaosha chupa kwa maji ya moto na sabuni, tukaianika mpaka ikakauka kabisa. Nafaka iliyovunda huota ukungu, na ukungu huua ndege. Baada ya hapo ni kungoja. Ndege hawaamini kitu kipya; watakizunguka kwa siku kadhaa kabla mmoja hajajitolea. Hamisi hakuwa na siku kadhaa. Akamwaga uwele chini ya mti, eti anatangaza biashara.

Tangazo likasomwa na kuku wa jirani yetu, Mzee Saidi. Walikuja wote na vifaranga vyao, wakiongozwa na jogoo mmoja mwekundu ambaye tangu siku ile hakurudi kwao ila kulala.

Hoteli yenyewe nilikuwa nimeitundika pazuri: kwenye mwembe, juu kuliko kichwa cha mtu mzima, hatua nne kutoka kichakani. Kichaka kikiwa mbali mno, ndege hana pa kukimbilia mwewe akipita. Kikiwa karibu mno, paka anajificha humo. Kasoro ilikuwa moja tu: ukikaa barazani huioni. Wale watoto wakaihamishia tawi la upande wa pili, lililovuka uzio wa makuti mpaka uani kwa Mzee Saidi. Chini ya tawi hilo kuna kamba yake ya nguo.

Na hapo ndipo biashara ilipochangamka. Walitangulia shomoro. Wakafuata minana, madume wa njano, wanaokula huku wakigombana. Nikawafundisha watoto kusoma mdomo kabla ya rangi: mdomo mfupi mnene ni wa kuvunjia nafaka, mdomo mrefu uliopinda, wa yule ndege mdogo aitwaye chozi, ni wa kunyonya maua, kwa hiyo wasimsubiri chozi kwenye uwele, wakamtafute kwenye ua la mgomba. Shore, yule mwenye kichwa cheusi na manyoya ya njano chini ya mkia, hupenda matunda. Tulimpigilia kipande cha papai kwenye tawi, akalionja, kisha akarudi kwenye mzambarau wake. Somoe akaandika yote, na kwa kuwa ni mtoto makini, akaongeza safu ambayo sikumwagiza: kila ndege na uchafu wake.

Ijumaa, adhana ikikaribia, Mzee Saidi akaingia amebeba kanzu nyeupe mikononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, tazama. Nimeianua sasa hivi. Imepigwa mihuri kama barua ya serikali. Nani kafanya hivi?"

Lilikuwa swali la hasira tu. Lakini Somoe alikuwa amesubiri mtihani huu likizo nzima. Akachukua daftari, akasogea.

"Hivi vidogo vyeupe ni vya shomoro, babu. Hivi pia. Hiki cha zambarau ni cha shore."

"Shore?"

"Hali sana nafaka, babu. Alikuwa anapita tu."

Mzee akanitazama. Nikamwambia vile vyeupe viachwe vikauke, vikwanguliwe, ndipo kanzu ifuliwe; ukivisugua vikiwa vibichi unavisambaza. La zambarau ndilo gumu, lipakwe limao na chumvi lianikwe juani. Na nitafua mimi. Kwa sasa achukue kanzu yangu, ingawa yeye ni mrefu na ingemfika chini kidogo ya magoti.

Uso ukaanza kulegea. Kisha akaigeuza kanzu nyuma.

"Na hili?"

Mgongoni kulikuwa na doa la ukubwa wa kiganja cha Hamisi. Somoe akainama, akapekua ukurasa, akapekua mwingine.

"Hili limezidi, babu. Shomoro hana tumbo hilo."

"Kahawia, juu jeupe," Hamisi akasema kwa sauti ya daktari. "Kunguru?"

"Kunguru hawezi kutua kwenye kijiko, ni mzito."

Tukainua macho wote. Juu ya uzio, kando ya kamba ilipokuwa imeanikwa kanzu, jogoo mwekundu alikuwa amesimama akisubiri minana wamwage uwele.

"Huyo hatujamwandika," Somoe akasema. "Ni wa kwako, babu."

Mzee Saidi akamtazama jogoo wake kwa muda mrefu. Akachukua kanzu yangu, akaitundika begani.

"Basi mwandikeni leo," akasema, "maana Jumapili hayupo."