Piga Hesabu ya Pointi Kwanza, Rufaa Baadaye

Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, aliyepata pointi 45 na mwenzake aliyepata 42 wote huandikiwa C ya wastani. Nyumbani kilio ni kile kile: mtoto ameonewa, karatasi zisahihishwe upya. Lakini wawili hawa hawako hali moja hata kidogo. Wa 45 akipanda gredi moja katika somo moja anafika 46, na 46 ni C+, ambayo ndiyo inayomruhusu kuomba nafasi ya shahada. Wa 42 anahitaji gredi nne zaidi, na ni lazima makosa yote yawe yamemwangukia yeye. Huyo wa pili mimi simshauri aombe, hata akija analia.

Kila matokeo yakitangazwa, watu hapa mtaani Umoja huniletea slipu zao kwa sababu wanajua nilikuwa mwalimu. Wengi wameshaamua kukata rufaa kabla ya kushika kalamu. Somo wanalotaka likaguliwe ni lile lililowaudhi, na mara nyingi silo lenye faida kwao.

Jirani yangu anayeuza mitumba alikuja na bintiye jioni moja, simu mkononi, slipu imefunguliwa. "Mwalimu, tuandikie barua. Kiswahili wamemuibia." Msichana alikuwa na Kiswahili C-, Kiingereza C+, Hisabati D+, Bayolojia C, Kemia C, Biashara C, Historia B- na CRE (dini ya Kikristo) B-. Nikageuza kalenda ya mwaka uliopita, tukaandika nyuma yake.

Tangu mtihani wa 2023, gredi ya wastani inatokana na masomo saba: Hisabati lazima, lugha moja iliyofanya vyema, halafu matano bora kati ya yaliyobaki. A ni pointi 12, E ni 1, jumla ya juu kabisa ni 84. Yeye tukampa Hisabati 4, Kiingereza 7, Historia 8, CRE 8, na zile C tatu sita sita. Jumla 45. Kiswahili, kwa pointi zake 5, hakikuingia kabisa kwenye hesabu. Kingepanda hadi C bado jumla ingekuwa 45.

"Lakini Kiswahili ndicho kinaniuma," akasema.

Najua kinauma. Shuleni alikuwa akipata C, wakati mwingine C+, na mtu akipewa chini ya alivyozoea hujihisi ametukanwa. Hata hivyo nilimuuliza kuhusu Bayolojia. Kumbe mitihani ya majaribio yote miwili alipata B-, na mwalimu wake alikuwa na rekodi. Hapo ndipo nilipoona kuna la kuuliza: somo limeshuka gredi mbili chini ya kawaida yake, na gredi moja tu ikirudi, mambo yote yanabadilika. Barua ikaandikwa ya Bayolojia peke yake.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalifahamu. Wanamfikiria msahihishaji mmoja aliyechoka, usiku, akimchinja mtoto wao kwa kalamu nyekundu. KNEC, baraza la mitihani la taifa, husahihisha kwa mfumo wa mkanda: kila mwalimu ana swali lake au machache, akimaliza anampasia mwenzake kijitabu, viongozi wa vikundi wanapitia sampuli, na wengine wanakagua jumla. Chuki ya mtu mmoja haiwezi kukuangusha katika mpangilio huo. Kinachoweza kutokea ni ukurasa kurukwa, maksi kujumlishwa vibaya, au tarakimu kunakiliwa isivyo. Makosa ya aina hiyo yanapatikana mtu akiangalia tena. Insha yako kupewa 11 kati ya 20 wakati wewe unaamini ni ya 14 ni habari nyingine. Msahihishaji wa pili ana mwongozo ule ule aliokuwa nao wa kwanza.

Ndiyo maana X kwenye slipu, inayomaanisha hukufanya mtihani, ni kesi ya kufuatilia siku hiyo hiyo ikiwa ulifanya. Uliketi, ulitia sahihi rejista, msimamizi alikuona. Huhitaji ushauri wangu hapo. Na tusijidanganye kwamba mitambo haikosei. Matokeo ya KCPE ya mwisho kabisa, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yaliyotangazwa Novemba 2023, yaliwafikia baadhi ya wazazi yakionyesha alama za Lugha ya Ishara kwa watoto waliofanya Kiswahili. Waliouliza hawakuwa wakorofi.

Utaratibu wenyewe hauna maajabu. Usipande matatu kwenda Mitihani House, ofisi za KNEC kule South C, na slipu mkononi. Malalamiko hupitia kwa mkuu wa shule, na yanatakiwa yafike ndani ya mwezi mmoja tangu matokeo yatangazwe. Ugumu ni kumshawishi mwalimu mkuu. Wapo wanaosikiliza, wapo wanaokuambia "tuachie sisi" na barua inalala kwenye droo. Nenda na rekodi za majaribio, zungumza na mwalimu wa somo kwanza, na uombe nakala ya barua iliyotumwa. Na wakati unangoja, dirisha la KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, likifunguliwa ingia na gredi uliyo nayo. C ina kozi za stashahada zinazompa mtu kazi, na nimewaona vijana wakizikosa kwa kushikilia kwamba gredi yao "bado haijakamilika".

Lipo pia lalamiko la jumla, ambalo rufaa haiwezi kulitibu. KCSE ya 2017 ilipotoka, waliopata C+ na zaidi walikuwa 70,073, wakati mwaka uliotangulia walikuwa 88,929, na kelele za kutaka mtihani mzima usahihishwe upya zikajaa redioni. Kama mizani ya mwaka mzima ina kasoro, hilo ni suala la Bunge na wizara. Barua ya mtoto mmoja haiwezi kulibeba.

Kinachonikasirisha mimi ni kingine. Slipu ya KCSE huonyesha gredi, haionyeshi maksi. Yule binti hajui kama alikosa C+ ya Bayolojia kwa maksi moja au kwa sita. Anaamua gizani, na mimi namshauri gizani. Uhindi, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2011 kwamba mwanafunzi ana haki ya kuona karatasi yake iliyosahihishwa. Sisi tuna Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kuhusu haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 ya kukitekeleza. Sioni habari gani inayomhusu raia wa miaka 18 kuliko majibu aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Akiyaona, nusu ya rufaa zitakufa hapo hapo mezani, kwa sababu atakuta swali la nne aliliacha wazi. Na zile zitakazobaki zitakuwa na ukurasa na nambari ya swali.

KCSE ya mwisho itafanywa 2027. Mtihani wa sekondari pevu, ule wa mtaala mpya utakaoirithi, bado kanuni zake zinaweza kuandikwa vizuri, na ningeomba hii iwe mojawapo tangu siku ya kwanza: mtahiniwa aone maksi zake, na akitaka nakala ya majibu yake alipie karatasi na posta, apewe.