Mtetemo wa Daraja Unatuambia Nini Kuhusu Afya Yake?

Mwaka 1993, kabla ya kubomolewa kwa daraja la barabara ya I-40 lililovuka mto Rio Grande huko Albuquerque, Marekani, watafiti walipata fursa ambayo wahandisi huipata kwa nadra: kulijeruhi daraja halisi kwa makusudi na kulipima baada ya kila jeraha. Daraja hilo lilibebwa na boriti kuu mbili za chuma, kila moja ikiwa na kimo cha mita 3 hivi. Walianza kwa kukata ufa wa sentimita 60 katikati ya ubavu wa boriti moja, wakaurefusha kuelekea chini hadi ukafikia takriban mita 1.8, wakakata nusu ya bamba la chini la boriti hiyo, kisha wakalikata bamba lote. Daraja likiwa zima, mtetemo wake wa kwanza, yaani ule wa polepole kuliko yote, ulijirudia mara 2.48 kwa sekunde. Baada ya jeraha la kwanza na la pili kipimo hicho hakikushuka hata kidogo. Kilipanda hadi 2.52. Baada ya la tatu kilikuwa 2.46. Ni jeraha la nne peke yake, boriti ikiwa imebakiwa na sehemu yake ya juu tu, lililokiteremsha hadi 2.30, yaani asilimia 7 hivi.

Nimeanza na jaribio hilo kwa sababu ndani yake mna hoja za pande zote mbili za mjadala huu: wale wanaotaka kila daraja kubwa lifungwe vihisi vya kusikiliza mtetemo wake usiku na mchana, na wale wanaoona kwamba fedha hizo zingefaa zaidi zikitumika kuajiri wakaguzi.

Kanuni yenyewe haina ubishi. Kila daraja lina masafa yake ya asili, yaani idadi ya mara ambazo hutikisika kwa sekunde linapoachwa litikisike lenyewe, na masafa hayo hutegemea ukakamavu wake, yaani jinsi linavyokataa kupinda, na tungamo lake. Ukakamavu ukipungua, masafa hushuka. Mafundi wa reli waliokuwa wakipita na nyundo, wakigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza mlio, walitumia kanuni hiyohiyo, na masikio yao yalitosha. Lakini gurudumu ni kipande kimoja cha chuma, ilhali daraja ni mkusanyiko wa boriti, nguzo, beringi, lami na udongo, na vyote hivyo vinachangia jibu linalotoka. Isitoshe, masafa hufuata kipeuo cha pili cha ukakamavu, kwa hiyo daraja likipoteza asilimia 2 ya ukakamavu wake wote, masafa hushuka kwa asilimia 1 tu. Ufa unaokaa mahali pamoja kwenye boriti ndefu haufikishi hata hasara hiyo.

Tatizo kubwa zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa zaidi na wauzaji wa mifumo hii, ni hali ya hewa. Katika daraja dogo la Alamosa Canyon, lililo pia katika jimbo la New Mexico, masafa ya kwanza yalibadilika kwa takriban asilimia 5 ndani ya saa 24, bila jeraha lolote, kwa sababu tu jua lilichomoza upande mmoja na kutua upande mwingine. Nchini Uswisi, daraja la zege lililojulikana kwa jina la Z24 lilipimwa kwa karibu mwaka mzima, kuanzia 1997 hadi 1998, na masafa yake yakaonekana kubadilika kwa asilimia 14 hadi 18 kutokana na mazingira peke yake. Kwenye baridi ya kugandisha maji, lami iliyo juu ya daraja hukakamaa na kuanza kubeba mzigo kana kwamba ni sehemu ya muundo. Ukilinganisha mabadiliko hayo na asilimia 7 za boriti iliyokatwa kule Albuquerque, utaona kwamba jeraha la kutisha linaweza kujificha ndani ya tofauti ya misimu miwili.

Hata hivyo, daraja hilohilo la Uswisi ndilo linalowapa watetezi wa mbinu hii hoja yao nzito zaidi. Mwishoni mwa kipindi cha upimaji, nguzo yake moja ilishushwa hatua kwa hatua, hadi milimita 95, ili kuiga msingi unaotitia. Kwa kuwa watafiti walikuwa tayari na kumbukumbu ndefu ya masafa pamoja na halijoto, waliweza kuiondoa athari ya hali ya hewa kimahesabu, na baada ya hapo jeraha likajitokeza wazi. Kilicholifichua ni mwaka ule wa subira, ambao bila huo vihisi bora kuliko vyote visingekuwa na cha kulinganisha.

Wanaosema turudi kwa mkaguzi na tochi yake nao wana jambo la kujibu. Utafiti wa mamlaka ya barabara kuu ya Marekani uliotolewa mwaka 2001 uliwapa wakaguzi 49 madaraja yaleyale wayakague, na sehemu moja ya daraja ilipewa kwa wastani alama nne au tano tofauti. Mwezi Mei 2021, daraja la Hernando de Soto huko Memphis lilifungwa baada ya mkaguzi kugundua kwamba boriti moja muhimu ilikuwa imekaribia kukatika kabisa. Baadaye ikathibitika kwamba ufa huo ulionekana kwenye video ya droni ya mwaka 2019, na magari yakaendelea kupita juu yake kwa miaka miwili. Jicho huchoka, na mahali pengine halifiki.

Yapo pia majeraha yanayozishinda mbinu zote mbili. Silver Bridge, daraja la Marekani lililoning'inizwa kwa minyororo na kuanguka tarehe 15 Desemba 1967 na kuua watu 46, liliangushwa na ufa wa milimita 2.5 hivi uliojificha ndani ya kiungo cha mnyororo wake. Mkaguzi asingeuona bila kukifungua kiungo, nao ulikuwa mdogo mno kuweza kugusa masafa ya daraja zima. Naona ni kosa kubwa kumwahidi mwenye daraja kwamba vihisi vya mtetemo vitamwonya dhidi ya ufa wa aina hiyo.

Kwa hiyo swali ninaloliona la maana ni hili: katika daraja husika tunaogopa jeraha gani? Kama hofu ni mto kuchimbua udongo chini ya nguzo, mojawapo ya sababu kuu za madaraja kuanguka, mtetemo una faida ya kweli, kwa sababu nguzo iliyopoteza udongo hulegea kwa kiasi kinachopimika, na huharibika wakati wa mafuriko, maji yakiwa machafu na mpiga mbizi hawezi kushuka. Vivyo hivyo kwa nyaya za madaraja yanayoshikiliwa kwa nyaya. Waya uliokazwa hufanana na uzi wa gitaa: mkazo wake hulingana na mraba wa masafa, hivyo masafa yakishuka kwa asilimia 5, mkazo umepungua kwa karibu asilimia 10. Hapo hesabu inatusaidia badala ya kutupinga, na kipimo cha dakika chache kwa kila waya hutoa jibu ambalo jicho haliwezi kulitoa. Kama hofu ni uchovu wa chuma, yaani nyufa zinazoletwa na mizigo inayojirudia, kwenye maungio yaliyochomelewa, fedha ziende kwa mkaguzi mwenye ngazi, taa na kifaa cha mawimbi ya sauti, arudi mara kwa mara.

Palipo na sababu ya kufunga vihisi, mkataba uonyeshe mambo ambayo mara nyingi huachwa. Halijoto ipimwe sambamba na mtetemo, ndani ya muundo wenyewe na si hewani tu. Kikomo cha tahadhari kisiwekwe kabla ya mwaka mmoja wa takwimu kukamilika, na mfumo uwekwe daraja likiwa bado jipya au limekaguliwa kwa kina, la sivyo tutakuwa tumeuhesabu ugonjwa kuwa ndiyo afya. Na itajwe kwa cheo ni afisa gani atakayepokea tahadhari saa nane za usiku, akiwa na mamlaka ya kulifunga daraja saa hiyohiyo bila kusubiri kikao cha asubuhi.