Mchoraji aanze na tarakimu

Shirika la hisani linalofadhili utafiti wa afya linapoagiza fonti (umbo la herufi na tarakimu) yake lenyewe kwa ajili ya mabango na vichwa vya habari, ombi la kwanza huwa ni pambo: moyo uingizwe ndani ya O, au mguu wa R upindwe ufanane na uzi wa DNA. Naielewa tamaa hiyo, ila naona inaipotosha kazi. Pambo la namna hiyo hupendeza likiwa moja kwenye nembo. Likijirudia mara nne katika sentensi moja, msomaji huanza kuhesabu mioyo.

Ningekuwa na usemi, mchoraji wa fonti angeanza na tarakimu. Mabango ya mashirika haya hubeba asilimia, vipimo, umri wa wagonjwa na kiasi cha michango, na fonti nene zina ugonjwa wake: midomo ya 3, 6 na 9, yaani nafasi zake zilizo wazi, hujifunga kadiri unene unavyoongezeka, hata mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara akaziona zote kuwa 8. Dawa ni kuipunguza mistari unene pale inapokutana na kuiacha midomo hiyo wazi, hata kama umbo litapoteza kidogo uduara wake.

Zifuate herufi zinazofanana mno. Katika IL-6, jina la protini ya mfumo wa kinga, I kubwa isiyo na vijiti juu na chini haina tofauti na l ndogo. Atkinson Hyperlegible, fonti iliyotolewa na Braille Institute ya Marekani mwaka 2019 kwa ajili ya wenye uoni hafifu, imezitenganisha I, l na 1, pamoja na O na 0, na bado inapendeza. Herufi ya Kigiriki μ nayo isiazimwe kutoka fonti nyingine, kwani ndiyo inayotenganisha mikrogramu (μg) na miligramu (mg), vipimo vinavyopishana mara 1,000. (Binafsi ningeandika neno zima, lakini mchoraji hana uwezo wa kumzuia mhariri.)

Moyo na uzi wa DNA vinaweza kubaki kama herufi mbadala, zinazochaguliwa kwa makusudi tu. Ila fonti yenyewe isipelekwe kwenye aya ndefu, kwa sababu nafasi kati ya herufi zake zimebanwa kwa ukubwa wa bango, na ikishushwa hadi ukubwa mdogo wa pointi 9 kwenye fomu ya ridhaa ya mgonjwa, r na n zinazofuatana husomeka kama m moja.