Michoro ya Nairobi ni mali yetu, isiuzwe kwa kilo

Toa mfukoni noti yoyote ya toleo la 2019, iwe ya hamsini au ya elfu moja, na utalikuta KICC, jumba la mikutano la kimataifa la Nairobi. Jengo hilo lilisanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei pamoja na David Mutiso, likaanza kujengwa 1967 na kufunguliwa 1973, mwaka ambao Benki ya Dunia na IMF zilifanyia mkutano wao wa kila mwaka hapa Nairobi. Tunalipiga picha, tunaliweka kwenye kalenda, tunampeleka mgeni juu kabisa akaone mji. Lakini karatasi zilizochorwa kabla ya zege la kwanza kumwagwa, ni nani miongoni mwetu anaziulizia?

Nasema wazi msimamo wangu. Michoro ya majengo na bustani za Nairobi ya kati ya miaka ya 1950 na 1980 ni urithi wa umma, hata ile iliyochorwa na kampuni binafsi, na tunaiacha ipotee mbele ya macho yetu. Jengo la mawe la enzi ya reli likiguswa, tunapiga kelele, na ni haki yetu. La saruji la miaka ya sitini likivunjwa, tunaliita chakavu na kusonga mbele. Karatasi zake ndizo hata hazizungumzwi.

Mwaka 2014, kwenye maonyesho makubwa ya usanifu kule Venice, banda la nchi za Nordiki, yaani Norwei na majirani zake, lilieleza kazi ya wasanifu wao Kenya, Tanzania na Zambia baada ya uhuru. Ernst May, Mjerumani aliyefanya kazi Nairobi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ameacha nyaraka ambazo mtafiti wetu akizitaka itambidi aanze kuzitafuta Ujerumani. Siwalaumu waliozitunza, heri wao waliotunza. Kinachoniuma ni kwamba historia ya jinsi mji huu ulivyojengwa inasimuliwa vizuri zaidi pale ambapo msanifu alikuwa na kwao kwingine pa kupeleka makaratasi yake. Ambaye kwao ni hapa hapa, je?

Miaka michache iliyopita ofisi moja ya wasanifu katikati ya mji ilikuwa ikihama, na rafiki yangu akaniita nikaangalie kama kuna kitu cha kuokoa. Kwenye korido mabunda yalikuwa yamepangwa hadi dirishani, na mnunuzi wa karatasi kuukuu alishafika na mizani yake ya kuning'iniza. Nilifungua bunda moja sakafuni. Ulikuwa mpango wa kupanda miti katika uwanja wa hospitali, umechorwa kwa wino kwenye ile karatasi nyembamba inayoonyesha upande wa pili. Kila mti ulikuwa duara lenye nukta katikati, na ubavuni kulikuwa na orodha: jakaranda, Nandi flame, krotoni, bogenvilia za ukutani. Umbali kati ya mti na mti uliandikwa kwa futi. Mahali pamoja wino ulikuwa umekwanguliwa kwa wembe na duara kusogezwa, na pembeni mtu akaandika kwa penseli kwamba kivuli kiangukie benchi la wagonjwa wa nje saa za alasiri.

Nimeurudia mstari huo wa penseli mara nyingi akilini. Kuna mtu aliyekaa akawafikiria watu watakaopanga foleni, jua litakuwa wapi, na mti utakuwa mkubwa kiasi gani baada ya miaka ishirini. Leo mti ule ukikatwa ili paongezwe maegesho, hakuna atakayejua kwamba ulipandwa kwa sababu. Mabunda mengine yalishuka ngazi siku hiyo hiyo.

Chini kulia kwa karatasi kama hiyo huwa na kisanduku: jina la kampuni, jina la mradi, tarehe, herufi za marekebisho A, B, C, kisha sehemu mbili ndogo za aliyechora na aliyekagua, zikiwa na herufi mbili tatu tu za majina. Hapo ndipo walipo Wakenya wa asili ya Kiafrika na Kihindi waliochora Nairobi ya kisasa wakiwa wameinamia meza siku nzima. Vitabu vinamtaja Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand, kwa majengo ya Bunge, na Dorothy Hughes, mwanamke wa kwanza kuwa msanifu majengo nchini, kwa Kanisa Kuu la Familia Takatifu. Wanastahili. Ila aliyeipiga mistari, akaikwangua na kuipiga upya, pengine alama yake pekee duniani ni zile herufi kwenye kisanduku. Ukiuza karatasi kwa kilo, umemuuza na yeye.

Bustani ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Jengo likipoteza mchoro, angalau bado lipo na unaweza kulipima upya kwa futi kamba. Bustani hukua, hukatwa, huchomekewa kibanda, na baada ya miaka hamsini huwezi tena kuusoma mpango wake kwa kuitazama. Uhuru Park ilifunguliwa 1969. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kidete usijengwe pale mnara wa ghorofa 60, na mnara haukujengwa. Mwaka 2021 bustani ikafungwa kwa ukarabati, na mabishano yakazuka juu ya nini kinaondolewa na nini kinabaki. Wengi wetu tulibishana kwa picha za harusi na kumbukumbu za utotoni. Mchoro wa mwanzo ungekuwa umebandikwa kwenye ukuta wa umma, tungebishana kwa ushahidi. Jeevanjee Gardens nayo ilinusurika mwaka 1991 ilipotakiwa kugeuzwa maegesho ya magari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ardhi ya wazi ndiyo hupotea haraka kuliko zote. Mtaa wa Buruburu, uliosanifiwa na kampuni ya Mutiso Menezes miaka ya sabini, ulipangwa kwa koti, yaani makundi ya nyumba, zenye viwanja katikati. Nenda leo uone ni viwanja vingapi vimebanwa na vyumba vya kuongezwa na maduka, kisha uniambie mchoro hauna kazi.

Usalama sina haja ya kuueleza sana. Anayetaka kuongeza ghorofa juu ya jengo la 1965 bila kujua nondo zimelazwa vipi anabahatisha na maisha ya watu.

Makavazi ya Kitaifa tunayo tangu 1965, na leo yapo Moi Avenue katika jengo la zamani la benki la 1906. Kazi yake ya kwanza ni nyaraka za serikali, ilhali majengo mengi ya umma yalichorwa na kampuni binafsi, na ya kampuni hayaingii huko mpaka mwenyewe aamue. Na moto tunaujua. Jengo la Sekretarieti ya kikoloni liliungua 1939 pamoja na kumbukumbu zake, na mwaka 2004 sehemu ya City Hall iliteketea. Nakala moja katika jengo moja si hifadhi.

Ninachotaka kinawezekana. Bodi inayosajili wasanifu iweke sharti kwamba kampuni ikifungwa, au msanifu akistaafu au kufariki, michoro yake ipelekwe kwanza Makavazi au Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako usanifu umekuwa ukifundishwa tangu 1956. Wanafunzi waliopo mazoezini wapewe kazi ya kuorodhesha na kupiga skani, na karatasi yenyewe isitupwe baada ya skani. Kaunti nayo iweke wazi michoro ya bustani zote za umma. Wachoraji wazee wahojiwe sasa hivi, wakiwa bado wanaweza kusema herufi zile ni za nani.

Na wewe ambaye mzazi wako alifanya kazi hiyo, ukikuta mabunda juu ya kabati, usiyakunje wala kuyapiga gundi ya plastiki. Yalaze bapa mahali pakavu mbali na mchwa, nakala zinazonuka amonia uzitenge na zile za wino, kisha uandike kwa penseli, nyuma, jina kamili la aliyechora. Mnunuzi wa karatasi akipita na mizani yake, mwambie nyumba hii haina za kuuza.